Kikombe cha Mninga

2 Machi

Mvua imeanza leo, na mke wangu amesema kama nina mengi ya kusema juu ya mvua niyaandike humu, yeye ana vyombo vya kuosha. Haya. Nimeandika: mvua imeanza, na ni mbaya.

Seremala na mvua ni maadui. Mbao zinavimba, milango inagoma kufunga, vanishi haikauki, na mteja aliyekuwa anakusumbua kwa kitanda chake anakumbuka ghafla kwamba hata godoro chini linatosha. Leo nimeshinda karakanani nikinoa patasi ambazo zilishanolewa. Karakana yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya nyumba, bati tupu juu, na mvua ikipiga husikii hata ukitukanwa.

La pili ni sukari. Niligundulika nayo mwaka jana. Jana kliniki kipimo changu cha sukari kilikuwa kumi na moja, na daktari akatikisa kichwa kama mtu aliyeletewa meza yenye mguu mmoja mfupi. Ni binti mdogo lakini hana masihara, ananiita mzee huku akinigombeza kama mimi ndiye mtoto. Vidonge nameza. Si kwamba nina akili sana, ni kwamba mke wangu huviweka kando ya sahani yangu asubuhi na jioni na kunisimamia mpaka vishuke.

Mkongwe wa ugonjwa huu kwetu ni dada yangu. Yeye ni wa sindano, anajidunga tumboni kila siku, miaka na miaka. Ndiye aliyenilea baada ya mama yetu kufariki. Alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni, na mpaka leo akiongea utadhani anapanga wanafunzi foleni. Ananiita Kijiti kwa sababu ya wembamba wangu wa utotoni. Siku hizi nina kitambi cha kutosha watu wawili, lakini jina halibadiliki.

3 Machi

Mvua.

5 Machi

Kinyozi wa ng'ambo ya barabara amekuja kukaa kwangu, maana mvua ikinyesha hakuna anayekumbuka nywele zake. Huyu bwana redio yake haizimwi, na lolote linalotoka redioni linapita kichwani mwake na kutokea mdomoni likiwa limenenepa.

"Fundi," akaniambia, "unakufa na dawa unayo humu ndani." Akaonyesha mbao zangu za mninga kwa kidole.

Eti kuna mahali watu wanachonga kikombe cha mninga, jioni wanakijaza maji, alfajiri wanayanywa. Sukari inakimbia.

"Inakimbilia wapi?" nikamuuliza.

"Hilo hawakusema."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Alipoondoka nikajikuta nakitazama kipande cha mninga kilichobaki kwenye kabati la mwisho nililotengeneza. Kilikuwa kinene, hakina ufa, na mimi sikuwa na kazi.

6 Machi

Nimekichonga. Mashine ya kukereza nilikuwa sijaigusa tangu watu waache kupenda meza za miguu ya duara, ikabidi niipake mafuta kwanza na kuibembeleza. Lakini ilipowaka, jamani! Maranda mekundu yakawa yananirukia mpaka kwenye ndevu, na harufu ya mninga ikajaa chumba kizima. Nilisahau kama kunanyesha. Sikupaka vanishi, nilipitisha msasa tu mpaka ukuta wa kikombe ukawa mwembamba na laini. Jioni nikakijaza maji, nikakifunika kwa kisosi.

7 Machi

Maji yamegeuka rangi ya chai isiyo na maziwa. Nimekunywa. Ni kama kulamba kiti. Mke wangu amecheka mpaka akashika ukuta.

9 Machi

Kinyozi ameleta masharti. Ukinywa maji ya kikombe hutakiwi kutia kitu kitamu juu yake kutwa nzima, la sivyo unaikata nguvu dawa. Maana yake soda yangu ya saa nne nimeiaga, na ile ya alasiri pia, na chai nakunywa bila sukari. "Dawa yenye masharti ndiyo dawa," akasema, huku yeye mwenyewe akifungua soda mbele yangu bila aibu.

13 Machi

Mvua. Kikombe. Bila soda, mchana hauishi.

17 Machi

Leo bati limevuja juu ya meza ya kazi, mke wangu akaja na sufuria ya kukinga maji, kisha asiondoke. Akakaa juu ya rundo la mbao akisuka ukili wa maneno juu ya majirani wote, mmoja baada ya mwingine, na mimi nikipiga randa kibao ambacho hakikuwa na kazi yoyote ili tu nionekane nina shughuli. Tumekaa hivyo mpaka sufuria ikajaa. Raha ya mvua ni hiyo, sikuijua.

24 Machi

Saba! Naandika tena: saba.

Daktari alipima mara mbili kwa kutoamini, kisha akatabasamu, na ndipo nikajua kwamba ana mwanya. "Mzee, umefanya nini?"

Kikombe kilikuwa kwenye ncha ya ulimi, nikakimeza. Nilijua akisikia mtu mzima mwenye mvi anakunywa maji ya mbao atanicheka mbele ya wauguzi. Nikasema, "Nafuata masharti, daktari." Akaandika, akanipongeza, akasema vidonge nisiviache hata siku moja.

Nilipofika kwa kinyozi ulimi ukapata kazi yake. Walikuwapo wateja wanasubiri, na nani hapendi wasikilizaji? Nikasimulia kikombe toka mti hadi msasa. Nilitia chumvi kidogo, ile kumi na moja nikaifanya kumi na tatu. Vidonge sikuvitaja. Vidonge havina hadithi, kila mtu ana vidonge.

27 Machi

Mwalimu mstaafu anataka kikombe. Mama wa duka la vitambaa anataka viwili. Kuna dereva amekuja kuomba cha mama yake. Mashine inanguruma tangu asubuhi, na mimi naimba juu yake.

"Umekuwa mganga lini?" mke wangu akaniuliza mlangoni.

"Mimi nachonga vikombe. Mtu anakunywa nini humo, si juu yangu."

Akaniangalia toka utosini hadi kwenye kandambili, akaenda zake.

29 Machi

Dada amekuja, mwavuli mkononi na ghadhabu usoni.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Nasikia unaponya mtaa mzima, na mimi niliyekubeba mgongoni napata habari kwa kinyozi."

Nikamwekea kigoda. Alipokaa, sauti ikashuka. Akasema tumbo lake limechoka, hakuna tena mahali pa kuchoma pasipouma. Asubuhi hukaa ukingoni mwa kitanda akiitazama ile sindano, naye husema nayo maneno mabaya kabla ya kuishika. Sijawahi kumsikia dada yangu akilalamikia kitu chochote, hata mwaka ule alioungua mkono kwa mafuta ya jikoni aliendelea kugawa chakula kwa mkono wa pili. Moyo uliniuma sana.

Nikamchongea chake mbele ya macho yake. Nilichagua kiini cha mti, sehemu nyekundu kabisa, nikapima vidole vyake kwa sababu vimeanza kukakamaa, nikakifanyia kiuno katikati ili kisimponyoke. Alikipokea kwa mikono miwili, akakinusa.

"Na wewe sasa ni kikombe tu?" akaniuliza.

"Unavyoniona hivi, Dada, ni kikombe tu."

Ilitoka vizuri mdomoni, na mkao niliokaa ulikuwa wa mtaalamu.

1 Aprili

Dada amepiga simu asubuhi. "Sita na nusu, Kijiti!" Nilipiga kelele mpaka kinyozi akatoka nje na mkasi mkononi.

3 Aprili

"Sita." Nimevuka barabara bila mwavuli kwenda kutangaza.

6 Aprili

Mvua kubwa. Sita na nusu. Gundi haikauki, lakini nani anajali gundi.

8 Aprili

Dada amekuja kula mchana kwetu. Gauni lake la bluu linamning'inia. Nikamwambia amependeza, mwili umepungua, akacheka na kuomba maji. Akamaliza jagi. Akaomba jingine.

Alipoondoka mke wangu akaniita jikoni. "Wifi amekwenda chooni mara ngapi?"

"Sikuwa mlinzi wa choo."

"Mimi nilikuwa namsikia. Na hakula. Alikuwa anakisogeza chakula tu."

"Ni maji ya kikombe, yanasafisha."

"Yanasafisha nini?"

Mtu asiye na jibu hupandisha sauti. Nikamwambia ana wivu kwa sababu kwa mara ya kwanza watu wa mtaa huu wananiuliza mimi kitu na si yeye. Akaweka sahani chini polepole. Angeivunja ningejisikia afadhali.

12 Aprili

Sita. Mke wangu haongei nami. Vidonge vipo kando ya sahani kama kawaida, ananisimamia kimya mpaka vishuke.

15 Aprili

Sita. Sauti ya Dada imekauka, anasema ni mafua ya mvua. Nikamwambia aje nimfanyie kikombe kipya, hicho kitakuwa kimeanza kuchoka.

18 Aprili

Sita. Alisema na kukata simu.

20 Aprili

Naandika habari za jana, jana sikuweza kushika kalamu.

Asubuhi simu haikulia. Nikapiga mimi, ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, ikapokelewa, nikasikia pumzi, pumzi ndefu za kuvuta kwa nguvu kama za mtu aliyepandisha gunia ghorofani. "Dada?" Akaniambia, "Foleni haijanyooka. Waambie wanyooshe foleni." Kisha simu ikaanguka.

Sikumbuki kuvaa viatu. Kwa Dada ni mitaa miwili tu, lakini barabara ilikuwa imejaa maji, na mke wangu alikuwa ameshanipita kabla hatujafika kona. Tulimkuta jikoni, amekaa sakafuni na mgongo kwenye kabati nililomtengenezea mimi, ndoo pembeni, ametapika. Midomo imepasuka kwa ukavu. Alikuwa ananuka mdomoni harufu tamu ya tunda lililooza, na macho yake yalinipita yakatazama ukuta.

"Dada, ni mimi. Ni Kijiti."

"Kijiti yuko shule," akasema.

Mke wangu alifungua friji. Chupa za dawa ya sindano zilikuwa zimepangwa pale mlangoni, zimejaa, hazijafunguliwa hata moja. Aligeuka akaniangalia. Hakusema, "Nilikuambia." Mpaka sasa hajasema.

Kinyozi ana gari lake bovu ambalo hukaa nje ya duka kama pambo. Jana liliwaka. Alimwacha mteja na nusu ya kichwa, akaja, tukambeba Dada, mimi mabega na yeye miguu, mvua ikitupiga usoni. Njiani kinyozi hakuongea hata neno moja. Sijawahi kumwona hivyo, na ukimya wake ndio ulionitisha zaidi.

Hospitali walimtoboa kidole, na mashine ikakataa kutoa namba. Muuguzi akasema maana yake sukari imepita mwisho wa kipimo. Wakamkimbiza ndani. Daktari wangu, yule binti, akatoka akikunja mikono ya koti. "Sindano mara ya mwisho alichoma lini?"

Nikamwambia sijui. Kisha nikamwambia kikombe. Nilikieleza chote pale koridoni, nimeloa, peku mguu mmoja. Sikuona aibu. Nilikuwa naogopa tu. Nikamwuliza kama dada yangu atakufa, akasema, "Mzee, kaa. Ngoja nifanye kazi."

Nilikaa. Mke wangu akanishika mkono, akaubana, na hakuuachia mpaka vidole vyangu vikafa ganzi.

21 Aprili

Yuko hai. Amelala, ana mirija mkononi. Yuko hai.

22 Aprili

Amefungua macho, ameuliza nani amefunga madirisha ya jikoni kwake na mvua hii. Mke wangu amemjibu kwamba ni yeye. "Asante, wifi," akasema, akalala tena. Nimetoka nje ya wodi nikalia kwenye ngazi za hospitali, na mfagiaji akanizungukia kwa ufagio wake bila kuniuliza.

23 Aprili

Leo amekaa kitandani, na tumeongea.

"Usinune," akaniambia. "Ukinuna unafanana na baba."

"Dada, zile namba."

"Za uongo."

"Zote?"

"Siku ya kwanza ilikuwa tisa. Nikasema kikombe bado kigeni, tutazoeana. Iliyofuata ikawa kumi na mbili. Baadaye nikaiweka mashine ya kupimia kabatini, nikaacha kupima kabisa. Nilikuwa naiogopa."

"Na kila asubuhi unanipigia na kusema sita! Kwa nini hukuniambia, Dada?"

Alitazama dirisha. Mvua ilikuwa inateremka kwenye kioo. "Siku ile nilisema sita na nusu nikupoze tu, nikijua kesho nitakuambia. Ulipiga kelele mpaka nikaiondoa simu sikioni. Kijiti, tangu ukiwa mtoto sijakusikia ukifurahi vile. Kesho yake ukasema umeshawatangazia watu wote. Sasa ningeanzia wapi? Umekaa na ule mti, umenipima vidole hivi kimoja kimoja, umenichongea kwa mkono wako. Nikuambie hakifai?"

"Ungeniambia hakifai! Ungenitupia usoni!"

"Na ile sindano nilikuwa nimeichoka," akasema kwa sauti ndogo. "Hilo nalo ni kweli."

Kisha akauliza, "Wewe vidonge uliacha lini?"

Nilitamani nizame ndani ya godoro lake. "Sijaacha."

Aligeuza shingo polepole. "Hujaacha?"

"Mke wangu huviweka kando ya sahani."

"Ulisema kikombe tu."

"Nilisema."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani, aliyekuwa amejifanya amelala tangu nilipoingia, alifungua jicho moja kutazama kitakachotokea. Dada alinikodolea. Nilikuwa tayari kwa kofi, na nilikuwa nalistahili. Badala yake mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, kicheko cha jikoni kile cha zamani, akishika mirija isichomoke. "Tumbo moja," akasema akihema, "limezaa waongo wawili!"

Nilicheka naye mpaka muuguzi akaja kutunyamazisha. Nimeomba msamaha baadaye, kwa maneno kamili, na yeye pia. Tumekubaliana kuanzia leo ni namba ya kweli, iwe nzuri iwe mbovu. Ila ametoa onyo lake: nikimpigia kelele hata mara moja atarudi kwenye sita.

24 Aprili

Daktari aliniita ofisini kwake. Nilikwenda nimejikunyata. Aliniuliza swali moja tu: "Kabla ya kikombe, mchana ulikuwa unakunywa nini?"

"Soda."

"Ngapi?"

"Mbili. Na chai ya sukari."

"Na baada ya kikombe?"

Niliona jambo zima limenikalia mbele. Mimi na kitambi changu na mvi zangu, nimeacha soda kwa amri ya kinyozi, amri ileile ambayo daktari alinipa mwaka mzima nikaikataa.

Hakunicheka. Alisema wagonjwa wake wengi wana kitu nyumbani, mizizi, majani, unga, maji ya hiki na kile, na wanamficha kama vile atawachapa. "Mimi sitaki mtupe vitu vyenu. Nataka mviweke hapa mezani nione kama vinagombana na dawa zangu. Vingine vinashusha sukari kweli, na ukichanganya na vidonge inashuka mpaka unaanguka. Vingine havifanyi kitu. Mbaya kuliko vyote ni kile kinachomfanya mtu aache dawa."

"Tulidhani utatugombeza," nikasema.

"Nitawagombeza. Halafu nitawasaidia."

Nilikuwa namwona binti mkali. Leo nimemwona ni mtu aliyechoka, ambaye hakulala usiku ule kwa ajili ya dada yangu.

26 Aprili

Nimeanza kupita nyumba kwa nyumba kwa kila niliyemchongea kikombe. Kinyozi ameng'ang'ania kufuatana nami, kwa maneno yake mwenyewe, "kwa sababu redio ilikuwa yangu." Tulivaa mifuko ya plastiki vichwani na kwenda.

Mwalimu mstaafu alitusikiliza hadi mwisho, akasema dawa zake hajawahi kuziacha, kikombe anawekea kalamu. Mama wa duka la vitambaa alinijia juu, akaniambia nilimwaminisha, na kwamba vidonge vyake alikuwa ameviacha tangu wiki iliyopita. Sikujitetea. Niliinamisha kichwa, nikamwambia arudi kliniki kesho, na kama hana wa kumsindikiza nitamsindikiza mimi. Alinifungia mlango. Kisha akaufungua tena, akaniuliza saa ngapi.

27 Aprili

Nimemsindikiza. Kumi na nne. Njiani kurudi alinisema mwanzo mwisho, na mimi nikambebea mwavuli. Mama wa yule dereva yeye yuko salama; meno yake ya bandia hulala kwenye kikombe kila siku, na anasema hayajawahi kutulia vizuri hivyo.

30 Aprili

Nimemwomba mke wangu msamaha kwa lile neno la wivu. Alikuwa anakuna nazi. "Lilishanitoka," akasema, na hakunitazama, lakini jioni aliniita karakanani nimtazame akijaribu mashine ya kukereza. Ameharibu kipande cha mbao nzuri kabisa na kufurahi kupita kiasi. Nimefurahi naye.

3 Mei

Dada amerudi nyumbani. Nilikwenda asubuhi nikakaa naye ukingoni mwa kitanda, akaitukana sindano, mimi nikaitukana kwa sauti zaidi, akaichoma. Muuguzi amemfundisha kuhamisha mahali pa kudunga, mara tumbo, mara paja, na anasema haiumi kama zamani. Kikombe chake amekiweka dirishani. Bado anakinywea maji. Daktari amejua, ameandika.

6 Mei

Mvua nyepesi. Nimepata kazi ya milango mitatu.

10 Mei

Leo hakukunyesha. Nilikuwa nafungua madirisha ya karakana simu ikalia.

"Sita," akasema Dada.

Nikaliacha dirisha nusu, nikasubiri. Upande wa pili nasikia pumzi yake tu na kuku wa jirani yake.

"Kijiti."

"Naam, Dada."

"Ni kumi na tatu. Jana jirani alikuwa na sherehe ya mtoto, akaniletea keki. Nilikula vipande viwili mezani, na cha tatu nikala nimesimama ili nisikihesabu. Sindano ninayo mkononi. Haya, piga kelele."

Sikuwa na kelele. Nilikaa juu ya rundo la mbao, machozi yakanitoka yenyewe, nikayafuta kwa mkono uliojaa vumbi na kuyafanya kuwa mabaya zaidi.

"Unalia? Wee Kijiti, kumi na tatu haijaua mtu leo."

"Nimefurahi, Dada."

"Umefurahia kumi na tatu?"

"Nimeifurahia sana."

Akaguna. Akasema mimi ugonjwa wangu si sukari, ni kichwa, kisha akaniambia nisikate simu. Nilikaa nimeibana sikioni mpaka aliposema, "Tayari. Imeingia."